Mama Mkwe, Nyumba Yetu Haikuwa Mkahawa

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura,

Shikamoo. Ungekuwapo ungeniitikia marahaba huku umeangalia pembeni, maana kwenu mkwe hatazamwi usoni, nami ningenyamaza kimya changu kile kile cha siku zote. Tulikaa nyumba moja tukizungumza kupitia kwa Raya. "Mwambie mumeo chai tayari." "Mwambie mama nashukuru." Na wewe ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu, birika mkononi.

Nakuandikia hadharani kwa sababu nilikukosea hadharani. Tangu ututoke nimekuombea dua nyingi, na katika kila dua kuna neno nimetaka kulitia nikashindwa. Sasa nimestaafu, nafasi ninayo, na wengi wa waliokuwapo siku ile wangali hai. Nataka nao wasome.

Ilikuwa miaka ya tisini, ule mwaka tulionunua nyumba Ibra. Mimi nilikuwa fundi wa viyoyozi hospitalini, Mwarabu wa kuzaliwa Kigoma, niliyefika Oman na cheti cha ufundi cha Kiingereza na Kiarabu cha kubahatisha. Kusema nilisema, kwa kuwa mafundi wenzangu walinifundisha, na walianzia kwenye matusi. Kusoma ndiko kulikonishinda. Herufi nilizijua za msahafu, zenye irabu zake juu na chini. Za serikali, zilizoandikwa tupu, nilikuwa nazitazama kama mtu anayeona watu kwa mbali akikisia yupi ni yupi.

Tulikuwa tumepanga miaka mingi. Kisha mzee mmoja mfanyabiashara, mtu wa Sur, mji wa pwani, akaamua kurudi kwao kwa sababu, alivyosema, amechoka kuamka asubuhi asisikie harufu ya samaki. Akatuuzia nyumba yake. Vyumba vinne, mitende mitatu uani, na majlis, ukumbi wa wageni wenye mlango wake peke yake unaotazama barabara. Majlis ile ilinitia wazimu, Mama. Niliipima kwa hatua, nikaipima tena kwa mito ya kuegemea. Kila niliyekutana naye, awe daktari, awe mfagiaji, nilimwambia: "Wanakaa watu arobaini, na miguu wanaikunjua." Karatasi za kuhamisha jina nilizijaza mwenyewe, moja baada ya moja, pale pale kwenye meza ya ofisi. Raya aliponyoosha mkono anisaidie, maana yeye kasoma Kiarabu, nikamwambia mwenye nyumba ndiye anayejaza.

Mwezi haukwisha, mwanao wa Muscat akakuleta ukae nasi. Ulishuka garini na masanduku mawili, kinu, na mbuzi ya kukunia nazi katika mji ambao nazi ilikuwa ikiletwa kama dawa. Ukaingia majlis, ukaizunguka, ukaketi pembeni karibu na mlango. Ukamwambia Raya, "Hapa pana hewa." Nikajua pamechukuliwa.

Sikujua kwamba nusu ya wanawake wa mkoa wetu wa Sharqiyah, waliozaliwa Unguja kama wewe, walikuwa wakisubiri mahali penye hewa. Walianza wawili. Kisha akaja Bi Salma kutoka Bidiya, analetwa na gari la mwanawe lenye mchanga hadi kwenye kioo. Kisha wa Sinaw. Na Jumatano, siku ya soko la wanawake Ibra, ndiyo ilikuwa gharika. Wakishauza na kununua wakija kwako na vikapu vyao, wavue viatu mlangoni, wakae hadi adhuhuri. Ilikuwa chai ya maziwa, vitumbua, mkate wa kumimina, kahawa, na maneno. Nilipokuwa likizo niliwahi kuwasikia mkigombana asubuhi nzima juu ya duka la mkate lililokuwa Malindi ya Unguja: mlango wake ulikuwa mkono wa kulia au wa kushoto ukitokea msikitini? Watu wazima, wajukuu wanao, na mmoja alitoka analia. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika.

Nilikuwa nafurahi, wallahi. Niliona majlis yangu inafanya kazi.

Mpaka Jumatano ile. Nilipitia posta nikakuta bahasha kutoka ofisi inayotoza ada za mwaka za nyumba. Nikampa mwenzangu wa hospitali anisomee. Akasoma kimya, akanitazama, akasema, "Hongera. Hukuniambia umefungua biashara."

Nyumba yetu ilikuwa imepandishwa daraja. Kutoka daraja la makazi, tumetiwa daraja la nyumba za wageni, zile wanazolala wasafiri. Ada ilikuwa imeruka ikapotelea juu, na kama tungeacha hivyo, bili ya umeme nayo ingeifuata huko. Chini palikuwa na ripoti ya mkaguzi. Alisimama nje ya nyumba yetu siku ya Jumatano saa nne asubuhi, akahesabu viatu mlangoni: jozi thelathini na moja. Harufu ya chakula imethibitishwa. Magari ya kushusha watu yameonekana.

Nilirudi nyumbani nikiendesha kama ninayemkimbiza mwizi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Raya akuambie. Nikafungua mlango wa majlis, Raya hakuwapo. Alikuwa jikoni. Mlikuwa nyinyi tu, pande zote nne za ukuta, na wewe katikati umeshika birika. Ndipo kwa mara ya kwanza maishani mwetu nikakusemesha moja kwa moja.

"Mama! Nyumba hii si mkahawa! Viatu zenu zote zimetupandisha daraja!"

Bi Salma wa Bidiya akakirudisha sahanini kitumbua kilichokuwa kimeshafika mdomoni. Wewe ukaliweka birika chini taratibu.

"Vyenu vyote, mwanangu," ukasema. "Vimetupandisha."

Kisha ukainuka, ukaingia chumbani kwako, ukafunga mlango bila kuubamiza. Afadhali ungeubamiza.

Jumatano iliyofuata hakuja mtu. Wala iliyofuata. Ulikaa peke yako kwenye pembe yako yenye hewa, umevaa vizuri kama unayengoja wageni, tasbihi mkononi, na kwa mara ya kwanza majlis ile nikaiona kubwa mno. Raya akaacha kunisemesha. Binti yetu Asya, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyebaki na kazi ya ukalimani: "Baba, mama anasema chakula mezani. Baba, mama anasema bibi amempigia simu mjomba aje kumchukua mwisho wa mwezi." Nikauliza kwa nini. Asya akaenda, akarudi. "Mama anasema unajua kwa nini."

Na mimi nilikuwa nimeshika bango langu la haki: viatu ni vyenu, ripoti imesema, nimeonewa. Nikaapa kupinga lile daraja. Tulikuwa na siku thelathini za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Nikaenda kwa mwandishi wa kibandani karibu na ofisi, mtu mwenye mashine ya chapa na haraka. Akaniandikia ukurasa mzuri. Nilipompa mwenzangu asome, akacheka hadi akaegemea mtungi wa gesi. Ilikuwa barua ya kuomba kibali cha kuleta mpishi kutoka nje.

Nikarudi nyumbani nimeishiwa. Asya akaleta ujumbe: "Mama anasema anayejua kuandika yumo humu ndani."

Nikaja kwako jioni ile na faili kwapani, Raya nyuma yangu. Nikasimama mlangoni kama mgonjwa. Ulikuwa umesoma Kiarabu chuoni tangu mtoto, kwa babu yako, Kiarabu cha vitabu. Ukavaa miwani.

"Raya, mwambie mumeo alete makaratasi. Yote, asibakishe hata moja."

Ukayasoma moja moja. Mkataba wa kununulia, hati, risiti, istimara za kuhamisha jina, yaani zile fomu nilizojaza mwenyewe, na mwisho ripoti ya mkaguzi. Kwenye mojawapo ulikaa muda mrefu. Nikadhani macho yamechoka. Ukaikunja, ukairudisha katikati ya zile nyingine, ukamtazama Raya, ukatazama zulia. Ukasema, "Kalamu."

Uliandika kurasa tatu kwa mwandiko ambao mtu angeutia fremu. Ukurasa wa kwanza, Raya alinitafsiria, ulikuwa wa salamu. Wa pili ulikuwa wa kuwaombea dua wazee wa wanaosoma. Nikamwambia Raya amuulize mama ombi liko wapi.

"Linakuja," ukajibu. "Mwambie apoe. Kwani sisi tunadai au tunaomba?"

Ombi lilikuja ukurasa wa tatu. Ulisema wewe ni mjane, ni mgeni katika nyumba ya mkweo, wanaokuja ni jamaa na marafiki zako wa utotoni, hakuna anayelipa, na kama kuna kosa basi ni lako kwa kupenda watu, si la mwenye nyumba. Nilifurahi, Mama. Wewe ulikuwa unaubeba mzigo, na mimi nikasimama pale nikafurahi.

Baada ya siku chache mkaguzi akaja tena kuhakikisha. Kijana wa watu, mwembamba, kanzu yake ya dishdasha imenyooka kama karatasi, kalamu mbili mfukoni. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nimngoje. Nikamwonyesha mlango: hakuna hata ndara moja. Nikamwonyesha majlis: hamna mtu ila wewe. Alikuwa anaelekea kuandika vizuri. Ukamkaribisha akae. Akasema hapana, yuko kazini. Ukamwambia kwa Kiarabu chako cha kitabuni kwamba mtu aliyefika nyumbani kwako na jua lile asipokunywa hata maji utasimama kizimbani siku ya Kiyama. Akakaa.

Sinia likaja. Mkate wa kumimina wa moto, umejaa hiliki. Akamega kidogo kwa adabu, akamega tena bila adabu. Alipofika kipande cha tatu akafuta vidole, akauliza kwa nia njema kabisa, maana alikuwa anataka kumpelekea mama yake: "Na hii mnauza bei gani?"

Nikafumba macho.

"Tunauza?" ukasema. "Mwanangu, umeingia nyumba ya nani wewe?"

Akawa mwekundu masikio. Akaomba radhi, akasimama, akapiga kichwa kwenye kibao cha aya kilichotundikwa ukutani, akaomba radhi tena. Ulipoona amefedheheka ukamhurumia, ukaingia ndani, ukatoka na kopo zima la visheti ukamtia mkononi. "Mpe mama yako. Mwambie havina bei."

Akaondoka nalo. Mimi nilibaki nimekaa mpaka akili iliponirejea: mkaguzi wa serikali anatoka nyumbani kwangu na kopo, na kesi yangu iko mezani kwake. Hii inaitwa rushwa! Nikatoka mbio bila viatu, lami inawaka. Nikamkuta anafungua gari.

"Nipe kopo," nikamwambia.

"Nimepewa na mama."

"Najua. Nipe."

"Siwezi kumrudishia mama mtu mzima alichonipa. Ni aibu."

"Ukilichukua nitafungwa mimi!"

"Nikilirudisha atasikitika yeye!"

Tukavutana. Naye alikuwa mwembamba lakini ana nguvu. Kifuniko kikafyatuka, visheti vikatawanyika barabarani, na mbuzi wa jirani, ambao nadhani walikuwa wakingoja siku hiyo tangu tuhamie, wakavimaliza. Tukasimama mimi na mkaguzi, kila mmoja ameshika upande wake wa kopo tupu. Akaliachia. Akasema kwa upole, "Basi sasa si rushwa." Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake.

Nilipogeuka ulikuwa kwenye dirisha. Ulivuta mtandio mdomoni, na mabega yalikuwa yanatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza kukuona unacheka tangu siku ya birika.

Tukaitwa mbele ya kamati inayosikiliza pingamizi. Nilitaka kwenda peke yangu. Ukasema kupitia kwa Raya kwamba barua ni yako, na aliyeandika ndiye anayeulizwa. Asubuhi ile nilikuta basi mlangoni. Bi Salma alikuwa amelikodi. Ndani yake walikuwamo wote, wa Bidiya, wa Sinaw, hadi yule aliyelilia mlango wa duka la mkate, wamevaa abaya zao nzuri, tayari kushuhudia. Nikakwambia, nikasahau kumpitia Raya, "Mama, hawa wataharibu!"

Ukaingia basini.

Chumba cha kamati kilikuwa na zulia jipya. Mabibi wale, kwa malezi yao, hawawezi kukanyaga zulia la mtu na viatu. Wakavua wote mlangoni. Wakaingia, wakajipanga ukutani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ya Kiomani iliyodariziwa kwa zambarau, kulia na kushoto kwake wajumbe wawili. Akasoma barua yako, kurasa zote tatu, na kwenye ule wa dua akasema amina kwa sauti. Kisha akauliza, si kwa ukali, hivi kweli jozi thelathini na moja za viatu ni nyumba ya kawaida?

Ulisimama. Ukamsemesha kwa kile Kiarabu chako, kila neno na irabu yake ya mwisho, kama khutba ya Idi. Nikawaona wajumbe wananyoosha migongo. Nilichoelewa ni hiki: "Mheshimiwa, naomba utazame mlangoni mwako. Leo viatu vilivyopo hapo ni vingi kuliko vilivyohesabiwa kwangu. Na ofisi hii nayo iko daraja gani?"

Mjumbe wa kushoto akakohoa kuficha kicheko. Wa kulia hakuficha. Mwenyekiti aliinuka kweli, akaenda mlangoni, akatazama, akarudi akakaa. "Hoja imepokewa," akasema.

Nikadhani tumeshinda. Nikaanza kujiweka sawa kwenye kiti kama mtu aliyesema yeye.

"Lakini viatu siyo vilivyowapandisha daraja," mwenyekiti akaendelea. "Mkaguzi alikuja kwenu kwa sababu ya hii." Akatoa karatasi kwenye faili. Akanigeuzia. Nikaujua mwandiko kabla ya kujua ni nini: ulikuwa wangu.

Ilikuwa istimara ya kuhamisha jina. Palipoulizwa nyumba itatumika kwa nini, palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kiliandikwa makazi binafsi. Cha pili, makazi ya wageni. Mimi nilisoma neno moja tu nililolijua, wageni, nikadhani wanauliza kama nina mahali pa kukaribishia. Nikatia alama kubwa. Pembeni palikuwa na nafasi ya kuandika wageni wangapi. Nikajaza arobaini. Na kwa kuwa furaha ilikuwa imenizidi, nikaandika na maneno mawili mbele yake, kwa Kiarabu changu, nikiwa na maana ya bila kubanana. Mwenyekiti akayasoma kwa sauti. Nilichokuwa nimeandika, kwa herufi nilizokosea, ni kitu kama arobaini bila nguo.

Mama, nimewahi kupanda juu ya paa la hospitali mwezi wa saba, saa saba mchana, kutengeneza mtambo. Sijawahi kuhisi joto kama lile.

Nikageuka nikutazame, kwa mara ya kwanza usoni hasa. Hukushangaa hata kidogo. Ulikuwa umeshasimama tena.

"Mheshimiwa," ukamwambia, "mkwe wangu amesomeshwa mbali, kwa herufi nyingine. Amepanga nyumba za watu miaka, amepata yake. Mtu kama huyo ukimuuliza kama ana mahali pa wageni, unategemea aandike nini? Aandike hana?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, naona na macho akayafuta. Akaagiza istimara mpya. Akasema ijazwe pale pale, na akakusukumia wewe kalamu. Ukatia alama ndogo, safi, kwenye kisanduku cha kwanza. Tukarudishwa daraja la makazi siku hiyo hiyo. Mabibi wakapiga vigelegele ndani ya ofisi ya serikali, na watu wa vyumba vingine wakatoka wakidhani kuna harusi.

Mabibi walirudi na basi. Wewe ukapanda gari langu, kiti cha nyuma, kama kawaida yako. Tulipofika karibu na kituo cha mafuta nikauliza, mbele nikitazama, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu jioni uliponiletea makaratasi. Ilikuwa katikati."

"Mbona hukusema, Mama?"

"Raya alikuwa amesimama nyuma yako," ukasema. "Wewe ulikwisha kupiga kelele mbele ya watu. Na mimi ningekusahihisha mbele ya mkeo, tungekuwa wawili tusio na haya. Nikaona wacha iwe viatu vyangu."

Pale ndipo nilipotakiwa kulisema lile neno. Lilikuwa mdomoni, Mama. Nililisikia ladha yake. Nikafungua mdomo nikasema, "Tupitie sokoni tuchukue samaki?"

"Tupitie," ukasema.

Tukanunua jodari. Mwanao alipofika mwisho wa mwezi kukuchukua, alikuta majlis imejaa hana pa kukaa, akanywa chai ya kusimama akarudi Muscat peke yake. Wewe ukaanza kunifundisha kusoma, kila siku baada ya alasiri, bila kumpitia Raya tena. Mtu mzima mwenye mvi, nakaa zuliani na daftari la mistari, na nikikosea ulikuwa unagonga meza kwa kijiko cha chai. Ulinianzisha kwa magazeti, ukanipeleka kwenye barua za serikali, na siku nilipoisoma bili ya maji mwanzo hadi mwisho bila kusita ulinipikia pilau. Tulikaa hivyo hadi ulipoanza kuugua. Hata hospitalini, nilipokuja kurekebisha kiyoyozi cha chumba chako, ulinisomesha kibao cha mlangoni kwa sauti mbele ya wauguzi.

Basi nalisema sasa, mbele ya Bi Salma na wenzake waliobaki, mbele ya Raya ambaye habari ya istimara anaisikia kutoka kwangu kwa mara ya kwanza hapa. Nisamehe, Mama. Kosa halikuwa lako wala la wageni wako. Lilikuwa langu, kwa mkono wangu, kwa majivuno yangu, na nikakuvunjia heshima mbele ya watu uliowapenda. Wewe ukalibeba, na hukunidai hata neno.

Nina jambo moja la kukuuliza kabla sijaweka kalamu. Asya ameolewa. Mumewe, Salim, ni kijana mzuri, anafanya kazi Nizwa, na hivi majuzi walikuja kukaa nasi na wageni wao. Nimewatilia kiyoyozi kipya majlis, cha kisasa, kinachoweza kupoza na kutia joto. Juzi mchana, jua linapasua mawe, wageni wanalowa jasho, Salim akanigeukia mbele yao wote: "Baba, umeigusagusa hii mashine? Nilikuomba usiiguse, hizi mpya huzijui." Mimi! Niliyezika ujana wangu kwenye mashine hizo! Nikatazama rimoti mkononi mwake. Alikuwa ameiweka kwenye alama ya jua, yeye mwenyewe, amewasha joto mwezi wa sita. Asya alikuwa amekaa pembeni yake.

Nikakukumbuka. Nikasema, "Samahani, mwanangu, labda niliigusa." Nikatoka uani nikasimama kwenye mtende nikihema. Leo siku ya tatu sijamwambia. Silali vizuri, chakula hakishuki. Mama, wewe uliwezaje? Uliwezaje wiki zote zile, na bado ukanipikia? Nimejikaza kweli, nimeapa siri hii nitakwenda nayo kaburini kama wewe ulivyotaka kwenda na yangu.

Isipokuwa sasa nakumbuka kwamba barua hii ni ya wazi, na Salim ni msomaji mzuri kuliko nilivyokuwa mimi.

Basi nimeshindwa, Mama. Mungu akupumzishe pahala penye hewa.

Ni mimi,
Mkweo, mume wa Raya